Pua ya Kuazima

Nakiri: sina ulimi. Kwa miaka kumi na mitano niliandika gazetini safu ya vyakula na vinywaji vya nchi yetu. Watu wakanisoma, wenye migahawa wakaikata na kuibandika ukutani, na muda wote huo nisingeweza kutofautisha mchuzi wa nazi na maji ya moto yaliyotiwa rangi. Nilipokuwa darasa la sita niliugua homa, nikalala wiki tatu. Nilipoinuka, harufu na ladha zilikuwa zimeondoka nyumbani kama wageni waliochoka kusubiri. Nilibakiwa na moto, baridi na pilipili. Mengine yote nilikisia kwa kutazama nyuso za waliokuwa wakila nami.

Nilimdanganya mama yangu aliposema chakula changu hakina mwenyewe. Nilimdanganya mume wangu, mtu aliyekula chumvi nyingi kabla ya umri wake. Mhariri wangu nilimdanganya kwa maandishi, kila Jumapili, maneno mia nane. Hata hayo maneno hayakuwa yangu. Yalikuwa ya dereva.

Namwita Dereva kwa sababu ndivyo alivyotaka, nitaeleza huko mbele. Tulifanya kazi ofisi moja pale Kibaha. Kazi yangu ilikuwa kutembelea vikundi vya wakulima na kuandika ripoti ambazo sijawahi kukutana na mtu aliyezisoma. Kazi yake ilikuwa kunifikisha. Alikuwa mrefu, goti lake la kushoto likigusa usukani, na aliendesha polepole mpaka wenye baiskeli walituonea huruma. Pua yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndogo hata. Nilipokuja kujua inafanya nini, niliitazama kwa kukata tamaa kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya tajiri akakuta ina bati lenye kutu.

Yeye Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi niliyeletwa Pwani na ajira. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kofia kichwani na kuondoka nayo, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa pikapu na kusema shikamoo, aliitikia marahaba kwa upole wote, akatazama mkoba wangu, akasema, “Mpagazi, huo mzigo wenu hamjautua tu tangu enzi za babu zenu?”

Nikamwambia, “Na wewe leo umeuza mnazi gani ili ukacheze ngoma?”

“Yote imekwisha. Nimebakiza huu uliokaa hapa usukani. Panda.”

Ndivyo tulivyoishi. Aliniita Mpagazi mbele ya wakuu wa idara na mbele ya watoto wangu. Utani huo ulinisaidia sana baadaye, kwa namna isiyo ya heshima, maana kila nilipojiuliza kama nilikuwa mwizi nilijijibu kwamba mtani haibi, mtani anachota.

Yeye ndiye aliyenigundua. Tulikuwa Gwata, kwenye kikundi cha akina mama wa bustani. Mwenyeji wetu alikuwa akikimbia baina ya wageni na jiko, akatuletea bada, ugali wa muhogo, na kambare aliyekaushwa kwa moshi, mchuzi wa nazi umesimama vizuri, rangi yake kama jioni. Wenzangu walikula taratibu, macho chini. Mimi nikaona ukimya ule, nikautafsiri kuwa ni heshima kwa chakula kizuri. Nikamaliza. Nikasifu. Nikaomba tena.

Njiani, tulipoikaribia lami, Dereva aliniita.

“Mpagazi.”

“Nini?”

“Ule mchuzi haukuwa na chumvi. Hata chembe. Yule mama kasahau.”

“Nilijua. Nilikuwa na adabu tu.”

“Adabu humaliza sahani. Haiombi ya pili.”

Nikacheka, nikamwambia ulimi wa Mzaramo umeharibiwa na nazi. Hakucheka. Alisimamisha gari kando, akatoa kitambaa mfukoni, kile cha kujifutia jasho, akaninyooshea. “Nusa. Kinanuka nini?”

Nikanusa. Vitambaa vya watu wenye wake hunuka sabuni, nikawaza. “Sabuni,” nikasema.

“Dizeli. Nimefutia kifuniko cha tangi asubuhi.” Akakikunja, akakirudisha mfukoni, akawasha gari. Hakuniuliza zaidi, wala siku ile wala baadaye. Hakumwambia mtu pale ofisini, mahali ambapo habari ya mtu kubadili soli ya kiatu ilizunguka kabla ya saa nne.

Alichofanya ni hiki. Kuanzia wiki iliyofuata, kila tulipoandaliwa chakula alionja kwanza, kisha akasema maneno mawili matatu kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. “Kisamvu hiki kimetwangwa jana.” Au, “Ndimu imezidi, wamesikia tunakuja wakababaika.” Nami nikapata la kumwambia mwenyeji, nikaonekana mtu. Alifanya hivyo ili nisiaibike mezani. Kwamba ningekwenda nyumbani nikayaandika, nikayatia jina langu na picha yangu yenye miwani, nadhani hilo halikumpitia akilini.

Aliposoma safu hiyo mara ya kwanza alinisubiri nikae ndani ya gari. “Umeandika vizuri,” akasema. “Siku ile ulikuwa umekaa wapi?”

“Si pembeni yako?”

“Ahaa. Nilidhani nilikuwa peke yangu.”

Huo ndio ulikuwa ukali wake wote katika miaka kumi na mitano.

Alikuwa mchoyo wa sifa. Sikuwahi kumsikia akisema kitu ni kitamu. Chakula cha hovyo alisema “kimepita”, cha kawaida alisema “kimekwenda”, na cha juu kabisa, labda mara sita nilizomsikia, alisema, “Hiki kimepikwa na mtu aliyekuwepo.” Alisema hivyo kuhusu supu ya mbuzi ya mama mmoja aliyekuwa akiuza jirani na hospitali kule Tumbi, mahali ambapo mimi nisingesimama kwa hiari kwa sababu wateja wote walikuwa na nyuso za kuuguza. “Wale ndio wanaojua supu,” alisema. “Mtu aliyekesha na mgonjwa humdanganyi kwa maji.” Niliiweka sentensi hiyo gazetini kama ilivyo. Nikapongezwa kwa utu.

Mwenyewe hakujali alichokula. Mtu aliyeweza kukwambia muhogo umechimbwa kwenye kichanga au kwenye udongo mwekundu, kifungua kinywa chake kilikuwa chapati baridi na chai ya rangi yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Hakujua kupika hata yai. Angezunguka nusu saa kwa ajili ya korosho za mtu fulani, lakini nikimwomba asimame nipige picha ya bonde aliniambia bonde halitahama. Na alichukia manukato. Katibu muhtasi wetu alipopanda gari alifungua vioo vyote hata kama mvua ilikuwa inanyesha, dada wa watu akafika semina nywele zimelowa, na Dereva akaapa kwamba kioo kimekwama.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa wasomi, wa kuamini kwamba safari ni mpaka uvuke mikoa. Nilitaka kwenda kuonja divai ya zabibu kule Dodoma, kunakotoka divai inayosemwa. Nikaenda, peke yangu, kwa likizo yangu. Niliketi kwenye kiti kizuri, nikamiminiwa glasi nne, nikaziandikia. Mhariri alinipigia akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimeandika kwamba ya kwanza ni nyekundu na ya baridi, na ya pili ni nyekundu pia. Bahati nzuri nilibeba chupa moja. Ilinivujia garini tukiwa tumeegesha Maili Moja, harufu ikamfikia Dereva kabla hajafungua vioo, akafikiri, akasema, “Hii imekaa kwenye jua ikalia, halafu ikajikaza.” Safu ikaokolewa. Baada ya hapo sikuhangaika kwenda mbali. Nchi yangu ikawa ni pale pua ya Dereva inapofika kwa tangi moja la dizeli.

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu Dereva hakuwahi kunywa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kwenye msikiti mdogo wa mtaani kwao Kisarawe yeye ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri kabla ya kuja kazini. Chakula alionja. Divai hakuileta hata karibu ya uso. Mimi ndiye niliyetaka kuandika habari za divai, na mimi ndiye niliyemsihi.

Tulikuwa Maneromango. Mvua ilikuwa imeikata barabara, tukasubiri ikauke nyumbani kwa mama mmoja Mlutheri, mkunga mstaafu, aliyekuwa akitengeneza divai ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Aliichachusha kwenye ndoo iliyofunikwa kanga, akaiweka kwenye chupa za soda kwa ajili ya harusi za wajukuu. Alinimiminia kikombe. Nikanywa, nikahisi baridi, basi. Nikamgeukia Dereva kwa macho ya mbuzi aliyefungwa.

“Mpagazi, mimi hiyo siinusi.”

“Sikuombi unywe.”

“Najua unachoomba.” Akatazama barabara, ikawa bado ni matope. Akashusha pumzi. Akachukua kitambaa chake, akakiweka juu ya kikombe kwa muda wa kama kusoma Fatiha, akakiondoa, akakinusa. “Sikunusa pombe,” akasema. “Nimenusa kitambaa changu.” Kisha akafumba macho. “Mbele ni kali, kama shemeji anapofika. Nyuma inakuja tamu, kama shemeji anapoaga. Na katikati kuna kitu kama daftari jipya.”

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Mwanangu, nimeitengeneza hii miaka ishirini, daftari silijui. Lete nami ninuse.” Akanusa kikombe. “Ee! Kweli, daftari!”

Makala ile ndiyo iliyonipa jina. Mpaka leo watu wanaponitambulisha husema, ndiye yule wa shemeji. Na kitambaa kikawa desturi yetu. Pombe ya mabibo ya mikorosho, ambayo Dereva alisema inanuka nguo iliyoanikwa, ikanyeshewa, ikaanikwa tena. Tembo la mnazi, la asubuhi na la mchana. Divai ya mananasi ya mwalimu mmoja, ambayo juu ya kitambaa ilitoa neno moja tu: “Siki.” Kila jioni Dereva alirudi nyumbani na kitambaa mfukoni.

Sikufikiria kwamba vitambaa hufuliwa, na kwamba anayefua ana pua.

Mkewe nilimwita Bi Mkubwa kama alivyomwita yeye. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayeuza korosho za kukaanga pale mjini Kisarawe. Siku moja nilipita kununua. Alinifungia, akanikabidhi, hakuuachia mfuko.

“Dada, wewe unasafiri naye. Mume wangu anakunywa?”

“Hapana, Bi Mkubwa! Hata kidogo. Naapa.”

“Sasa mbona vitambaa vyake vinanuka pombe?”

Jibu lilikuwa fupi. Lilihitaji tu niseme kwamba mimi, mwandishi wa ladha, sina pua, na naazima ya mume wake. Mteja mwingine alikuwa amesimama pale, dada aliyenitambua, ameshika gazeti. Nikasema, “Labda gari. Mafuta ya gari siku hizi…” Bi Mkubwa akauachia mfuko. Hakuna mwanamke wa Kisarawe asiyejua tofauti ya dizeli na mnazi. Aliyeshindwa hapo alikuwa ni mmoja tu duniani, na alikuwa amesimama mbele yake.

Kuanzia siku ile Dereva alifua vitambaa vyake mwenyewe. Niliviona vimeanikwa kwenye kioo cha pembeni cha pikapu, nikamtania kwamba Mzaramo amegeuka dobi. Akasema, “Ndiyo, soko limekua.” Mengine sikuambiwa. Baada ya yeye kustaafu ndipo mlinzi wa ofisi, jirani yake, aliponieleza kwa njia ya umbea kwamba Mzee aliacha kuadhini siku nyingi. Hakukatazwa na mtu. Yalisemwa maneno pembeni, mtu mmoja alijisogeza kidogo kwenye safu ya swala, basi. Alfajiri moja hakwenda kwenye kipaza sauti, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na viatu, na huko akabaki.

Nilimuuliza mlinzi ni lini. Alipiga hesabu za mavuno ya korosho. Ilikuwa ni mwaka wa shemeji.

Mwaka huu mchapishaji mmoja amekusanya makala zangu ziwe kitabu. Nimechoka, niseme ukweli. Nina umri wa kuvaa miwani miwili kwa zamu, na nilipoyasoma yale maneno yote kwa pamoja sikusikia sauti yangu hata mahali pamoja, ila kwenye viunganishi. Nikaandika aya moja ya kukiri, nikaiweka ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya shukrani kwa mpiga chapa. Kisha nikapeleka rundo lote Kisarawe.

Nilimkuta barazani, amekonda, kofia imelegea kichwani. Bi Mkubwa alikuwa ameweka sufuria ya korosho jikoni, uani, hatua chache nyuma yetu, akamwambia azitazame yeye aende dukani mara moja.

“Shikamoo, Dereva.”

“Marahaba, Mpagazi. Umetua mzigo?”

“Ndio nimekuja kuutua.” Nikampa karatasi. Nikamwambia zina nini, zote, hata ya vitambaa na ya adhana. Nilisema haraka, kama mtu anayejitapisha. Alinisikiliza akitazama barabara. Nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake.

Alizipanga karatasi magotini. Nami nilikuwa nimemletea kichupa cha choya cha yule mkunga wa Maneromango, cha mwisho alichonipa. Kwa mazoea tu nilikifungua nikakiweka kati yetu. Alitoa kitambaa. Akakiweka juu, akakinusa. Akakinusa tena, muda mrefu.

“Nzuri,” akasema.

Nzuri! Katika miaka kumi na mitano hakuwahi kusifu chakula wala kinywaji kwa neno hilo. Nilikuwa bado namtazama tulipomsikia Bi Mkubwa akipiga kelele getini.

“Jamani! Korosho zinaungua! Mmekaa hapo hapo wawili wazima, moshi mpaka barabarani!”

Tuligeuka. Ua wote ulikuwa mweusi. Bi Mkubwa alipita akikohoa, akaitupa sufuria mchangani. Mimi na Dereva tulibaki tumekaa kama watu wawili kwenye benchi la kituo kisicho na basi.

“Tangu lini?” nikamuuliza taratibu.

“Tangu ule ugonjwa wa mafua uliozunguka. Nilipona kifua, pua haikurudi.” Akakikunja kitambaa pande nne, kwa uangalifu wake uleule. “Sasa tuko sawa, Mpagazi. Niachie hizo karatasi. Macho yangu nayo yamechoka. Bi Mkubwa atanisomea.”

“Mpaka mwisho?”

“Tutaona.”

Wiki tatu zilipita. Mchapishaji alinipigia kila siku, sikupokea. Alhamisi asubuhi, nikiwa nachambua mchele ambao sijui kama ni wa Ruvu au wa wapi, simu iliita, nikaona ni Dereva.

“Mpagazi, ule ukurasa wako wa mwisho uhamishe.”

“Niutoe?”

“Nimesema uhamishe. Uweke mwanzo. Bi Mkubwa kanisomea jioni tisa, na kila jioni alisinzia. Kama si mimi kumwamsha jana asingeufikia. Sasa watu wa msikitini, watakaoazimana kitabu kimoja mtaa mzima, wataufikiaje?”

“Nitauweka mwanzo. Na jina lako?”

“Niite Dereva. Waliosema wanajua walimsema nani.”

“Dereva, niliiba.”

“Uliiba, ndiyo. Chumvi ya mtani unachota, lakini chungu unarudisha.”

Nikamuuliza, “Na Bi Mkubwa? Alipofika mwisho alisemaje?”

Nilisikia jogoo upande wake, na maji yakimwagwa mahali.

“Hajasema kitu,” akajibu. “Kaamka leo kabla yangu, kafungua kabati, katoa vitambaa vyangu vyote, kavifua mwenyewe. Viko hapa kwenye kamba, vimejaa kamba nzima. Nimesimama chini yake.”

“Vinanukaje?”

“Havinuki kitu,” akasema. “Au labda ni mimi.”